Jalidi Haianguki Chini ya Wingu

Kwa miaka kumi na tisa Merle Trezise alifuta vumbi kwenye ubao ule, na kwa miaka kumi na tisa jina lake halikuwamo.

Ubao ulitundikwa katika ukumbi wa chama cha watazama nyota cha Dunmaroo, juu kidogo ya meza ya chai. Ulikuwa wa mbao nyekundu iliyopigwa nta, na majina matatu yalikuwa yameandikwa juu yake kwa rangi ya dhahabu. Wanaume watatu. Wawili walikwisha zikwa. Wa tatu alikuwa Clem Duggan, katibu wa chama, ambaye kila akimimina chai alisimama pale pale chini ya jina lake kana kwamba birika haliwezi kufika kwingine.

Kuingia kwenye ubao ule kulikuwa na njia moja tu. Uwe mtu wa kwanza kuona nyota ikilipuka katika galaksi ya mbali. Maana nyota nayo hufa. Ikiwa kubwa mno, siku yake ikifika, hupasuka, na kwa majuma machache hung'aa peke yake kama galaksi nzima iliyomo. Halafu hufifia, na gesi yake husambaa gizani, na Mungu akipenda gesi ile ile hukusanyika tena ikawa nyota nyingine. Merle aliamini hivyo, na mchungaji alipohubiri juu ya ufufuo alikuwa akitabasamu kidogo kwa ndani, kwa sababu yeye alijua jambo ambalo mchungaji halijui.

Lakini kujua si kuona. Kila usiku mkavu, tangu alipokuwa na miaka arobaini na mbili, Merle alisukuma paa la banda lake, akaingiza jicho kwenye darubini, akazitembelea galaksi zake mia mbili na kitu. Kwa jicho kila moja ni kama pumzi ya mtoto juu ya kioo cha dirisha, na mbele yake kuna nyota chache za jirani. Alizikariri zote, akazipa majina yake mwenyewe: Yai, Kofia, Sindano, Kijiko. Kazi ni kuhesabu hizo nyota za mbele. Ikizidi moja, umepata. Kwa miaka kumi na tisa hesabu haikuzidi hata mara moja.

Basi akaja Gaynor.

Gaynor Pratley alikuwa msusi, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwenye mdomo mwepesi na mikono myepesi zaidi. Saluni ya karibu ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa gari, kwa hiyo Gaynor alikuwa akizunguka mashambani na mkoba wake wa mikasi, na kila Ijumaa ya pili alimkata Merle nywele pale pale jikoni, taulo begani, skonzi za boga mezani. Ijumaa moja akauliza, "Hivi wewe mama, mumeo anasema unalala bandani. Una mchepuko huko?"

"Ninao mia mbili," Merle akajibu. "Njoo jioni nikutambulishe."

Akaja. Merle alimwonyesha sayari ya Sohari na pete zake, kama wanavyoonyeshwa wageni wote, akatazamia kusikia "Ooh" na kwaheri. Gaynor alisema "Ooh," kisha akauliza, "Na zile hafifu ziko wapi?"

Swali lile lilimfurahisha Merle kuliko zawadi. Ndani ya mwezi alimpa darubini yake ya zamani, ile ya kwanza, aliyoitengenezea kioo kwa kukisugua kwa mikono yake mwenyewe majira mawili ya baridi. Alimfundisha kufunika tochi kwa karatasi nyekundu ili jicho lisipoteze mazoea yake ya giza. Alimfundisha kuandika kila kitu kwa penseli, saa kwanza, kisha galaksi, kisha ulichoona, kisha hali ya mbingu, na usifute kamwe, hata ukikosea. Na alimfundisha kanuni yake kubwa: "Usihesabu unachokijua. Hesabu unachokiona. Ukizijua sana nyota, akili itakuhesabia, na jicho litalala."

"Sawa, mwalimu," Gaynor alisema, na tangu siku hiyo akawa anamwita mwalimu, kwa utani mwanzoni, halafu kwa kweli.

Wivu haukuja siku moja. Uliingia kama maji ya mvua kwenye buti la shambani, unadhani ni jasho mpaka soksi inapokuwa tepetepe. Kwanza ilikuwa macho. Gaynor aliona nyota hafifu ambazo Merle alijua zipo kwa sababu tu ya ramani. Kisha ilikuwa wingi. Kwa mwaka na miezi miwili Gaynor alikuwa amekariri galaksi mia na themanini, akizisoma kichwani huku anakata nywele za watu. Kisha, kwenye mkutano wa mwezi wa Juni, Clem alisimama chini ya jina lake na birika mkononi akasema, "Wekeni akilini, mtanikumbuka. Huyu binti ana macho ya kipanga. Jina la nne ni lake."

Watu wakapiga makofi. Merle naye akapiga. Viganja vilikutana, lakini moyoni alikuwa anasema: na mimi je, Clem? Nimekuchemshia chai miaka kumi na tisa.

Usiku ule alipiga magoti kama kawaida, akawataja wote, mumewe Alwyn, wanawe, mchungaji, ng'ombe mgonjwa wa jirani. Alipofika kwa Gaynor ulimi ukawa mzito. Akasema amina akaingia kitandani.

*

Alhamisi moja ya mwezi wa Julai, katikati ya baridi, jua lilizama bila kitambaa cha wingu hata upande mmoja wa mbingu. Alwyn aliingia jikoni na miguu ya matope, akinuka kondoo.

"Yule jike mweusi anazaa leo au kesho," alisema. "Nitakuwa naye zizini. Na wewe, malkia, nadhani utakuwa na wachumba wako."

"Kula kwanza. Mbavu zinapoa."

Merle alikula upesi, akavaa makoti mawili, akatoka. Saa kumi na mbili na nusu paa lilikuwa limesukumwa na darubini imepoa, tayari kwa kazi. Alianza na za magharibi, kwa sababu hizo huzama mapema nyuma ya miti ya mikalitusi, hazikungoji. Yai. Hakuna. Kofia. Hakuna. Kijiko: bakuli, mpini, nyota tatu mbele yake, mbili juu na moja chini. Mbili juu, moja chini, ndiyo. Aliandika: *Saa 12.31 jioni. Kijiko. Hakuna.* Akageuza darubini kwenda kwingine. Vidole vilikuwa vinauma kwa baridi, na mawazo yake, ukweli usemwe, yalikuwa kwa Clem na birika lake.

Saa moja na dakika tano simu ililia ndani ya nyumba. Alikimbia kwenye ubaraza, akaiokota ukumbini gizani.

"Mwalimu!" Gaynor alikuwa anahema kama aliyefukuzwa. "Mwalimu, nenda Kijiko. Nenda sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Sisemi. Sitaki kukutia maneno machoni. Nenda uhesabu tu. Kinazama, mwalimu, kwangu kimebakiza nusu saa kiingie kwenye miti. Nenda!"

Merle alirudi bandani mguu mzito. Alijua. Kabla hajainama alikuwa ameshajua. Alirudisha darubini kwenye Kijiko, akashika pumzi isije ikatia ukungu kwenye lenzi, akatazama.

Mbili juu, moja chini. Na moja pembeni ya ncha ya mpini.

Ilikuwa pale, nyeupe, imetulia kama kitu ambacho kimekaa hapo siku zote na kinashangaa unashangaa nini. Haikuwa hafifu hata kidogo. Mtoto wa shule angeiona. Na nusu saa iliyopita, kwa darubini hii hii na jicho hili hili, Merle Trezise alikuwa ameitazama usoni akaandika "hakuna". Hakuwa ametazama. Alikuwa amesoma sala ya kukariri.

Akalinganisha na ramani. Akatazama tena. Akangoja dakika tano nzima, kama ilivyo desturi, aone kama inasogea, maana kuna vijiwe vinavyozunguka jua letu ambavyo hupita mbele ya galaksi na kuwadanganya wenye papara. Haikusogea. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka mingi, ukachukua penseli ukaandika wenyewe: *Saa 1.12 jioni. Kijiko. IPO. Kushoto ya ncha ya mpini. Haisogei. Mbingu safi.*

Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaachia moyo useme.

Moyo ulisema mengi, na hakuna hata moja la kusimulia kanisani. Ulisema: mwaka mmoja na miezi miwili. Ulisema: kwa darubini yako mwenyewe, kwa kioo ulichosugua mpaka mikono ikachubuka. Ulisema: ilikuwa yako. Ilikuwa imekukalia mbele ya jicho saa kumi na mbili na nusu, ni wewe tu nayo dunia nzima, na sasa utapanda ngazi na kopo la rangi ya dhahabu umshikie Clem aandike "Pratley".

Kanuni ya chama ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Taarifa haitumwi kwa ofisi ya ng'ambo inayosajili nyota mpya mpaka jicho la pili liwe limeona, mtu mwingine, darubini nyingine. Zamani mwanachama mmoja alituma habari ya nyota mpya kumbe ni sayari Mirihi inapita, wakachekwa mpaka ng'ambo. Tangu hapo, jicho la pili au hakuna safari. Na jioni hii jicho la pili lilikuwa moja tu, lake. Clem alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho Jumatatu, amefungwa bendeji. Wanachama wengine walikuwa na darubini za kutazamia mwezi tu.

Simu ikalia tena. Safari hii Merle hakukimbia.

"Umeiona?" Gaynor alisema. "Niambie umeiona, mwalimu, maana nahisi nitatapika."

Merle alikuwa anatazama nje kupitia mlango. Nyota zilikuwa zimejaa mpaka chini kwenye uzio.

"Wingu," alisema.

"Nini?"

"Wingu limeingia. Huku kwangu, upande wa magharibi wote. Sioni kitu."

Gaynor akasema taratibu, "Huku kwangu kweupe pe."

"Ndiyo, na huku ni kwangu, Gaynor. Kilomita kumi na moja si mlango wa pili."

"Basi nimpigie Clem?"

"Umwambie nini? Huna jicho la pili. Kama ni kijiwe tu kinapita utaanza jina lako kwa kicheko. Ngoja kesho. Kama ni yenyewe haitatoroka."

"Lakini mwalimu, kule Afrika Kusini... giza likifika kwao, Kijiko kitakuwa juu kwao vile vile. Wana watazamaji kule."

"Ngoja kesho," Merle alisema tena, na sauti yake ikatoka na ule upole wa mwalimu ambao ndio mbaya kuliko yote. "Mimi nimengoja miaka kumi na tisa. Wewe usiku mmoja utakushinda?"

"Sawa, mwalimu," Gaynor akasema. "Kama unasema."

Merle alirudi bandani akasukuma paa likafunga. Kijiko kilikuwa kinaingia kwenye mikalitusi. Usiku ule hakupiga magoti. Alijilaza ameelekea ukutani, akasikia Alwyn akiingia saa tatu na nusu akipuliza vidole, akajifanya amelala. Alijua dunia inavyozunguka, hilo hakuhitaji kufundishwa. Giza lilikuwa linakwenda magharibi, polepole, juu ya jangwa, juu ya bahari, likimpelekea mtu mwingine nyota ya Gaynor.

*

Asubuhi jalidi ilikuwa imeanguka. Nyasi zote zilikuwa nyeupe na ngumu kwa umande ulioganda, zinavunjika chini ya viatu kama biskuti, na maji ya mbwa yalikuwa yameganda mpaka chini ya bakuli. Merle alisimama dirishani akaiona akakumbuka leo ni Ijumaa, Ijumaa ya nywele.

Gaynor alifika saa tatu. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini alibusu shavu la Merle kama kawaida, akafungua mkoba, akamfunga taulo. Aliloweka nywele, akazichana, akaanza upande wa kushoto. Mikasi ikawa inasema yenyewe.

"Mmepata jalidi nene," Gaynor alisema baada ya muda.

"Eh. Nene."

"Nimeiona tangu barabarani. Shamba lenu lote jeupe, mpaka juu ya paa la banda."

Yeyote aliyekulia shambani anajua jambo hili kabla hajajua kusoma: jalidi haianguki chini ya wingu. Wingu ni blanketi. Jalidi huja pale tu mbingu inapokuwa tupu usiku kucha na joto la ardhi likapanda juu likapotea.

"Labda lilipita tu," Gaynor akasema. Alikuwa anachana polepole, akichagua maneno. "Labda lilipita kidogo pale pale saa moja, kisha likaondoka. Huwa inatokea."

Hapo ndipo Merle alipoumia. Angalau angemshutumu! Alikuwa anamtengenezea uongo wake, anamshonea pale palipochanika.

Mlango wa nyuma ukagonga, Alwyn akaingia na birika tupu na furaha tele. "Mapacha! Yule mweusi kazaa mapacha, wote wazima. Nimekaa naye pale nje tangu magharibi mpaka saa tatu na nusu, nimeganda kama nguzo. Gaynor, mwanangu, uliona usiku wa jana? Sijaona wingu hata la kufutia pua. Nikasema moyoni, leo wale wanawake wawili wamepata sikukuu." Akajaza maji, akachukua skonzi mbili, akatazama nyuso zao. "Kwani nani kafa?"

"Nenda kwa mapacha wako, Alwyn," Merle alisema.

Akaenda. Mikasi ilikuwa imesimama karibu na sikio la Merle. Saa ya ukutani ilisikika. Na hapo simu ya ukumbini ikalia.

Alikuwa Clem. Merle aliisikiliza akiwa amesimama, taulo begani, nywele za kushoto zimekatwa, za kulia zinaning'inia na maji.

"Dada Merle, sina jema," Clem alisema. "Ofisi ya ng'ambo imeniletea faksi sasa hivi. Nyota imelipuka, kwenye galaksi yako ile unayoiita sijui mwiko."

"Kijiko."

"Hiyo. Kuna bwana mmoja Afrika Kusini kaiona jioni yao. Kwetu ilikuwa saa nane na nusu usiku. Nimempigia Gaynor nimpe habari, mumewe ananiambia binti kaiona jana saa moja kasoro! Zaidi ya saa saba nzima kabla ya yule bwana, Merle! Ila hana jicho la pili. Masikini. Bila jicho la pili mimi siwezi kudai kitu, nitaonekana mhuni. Mwambie pole. Mwambie ndivyo ilivyo, hata mimi mara ya kwanza..."

Kumbe hapo palikuwa pametengenezwa mlango. Merle aliuona wazi. Aseme tu "Nitamwambia," akate simu, arudi kwenye kiti. Ubao ungebaki na majina matatu, na Gaynor mwenyewe alikwisha mpatia wingu la kupita. Hakuna ambaye angejua. Lilikuwapo daftari tu bandani, na daftari halina mdomo.

Lakini lilikuwa na penseli. Miaka kumi na tisa hakuwahi kufuta neno.

"Clem, usikate," alisema. "Ngoja hapo hapo."

Akaweka simu mezani, akatoka na taulo lake akavuka uwanja mweupe, viatu vikivunja jalidi, akarudi na daftari. Alipita mbele ya Gaynor bila kumtazama. Akachukua simu, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti ya kanisani, ile ya kusoma somo la kwanza, ili ifike mpaka jikoni.

"'Saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja jioni. Kijiko. Hakuna.' Hapo niliitazama na sikuiona, Clem. Ilikuwapo. 'Saa moja na dakika kumi na mbili. Kijiko. Ipo. Kushoto ya ncha ya mpini. Haisogei. Mbingu safi.' Huo ni mkono wangu. Aliyeniambia niende nikatazame ni Gaynor. Jicho la pili ni langu."

Clem akasema, "Mbingu safi? Sasa mbona hamkunipigia? Ningeketi na bendeji yangu nitume hiyo faksi kwa kupapasa!"

"Nilimwambia kuna wingu."

"Kwa nini umwambie..." Clem hakuwa mjinga. "Ah, Merle."

"Ndiyo."

"Unajua kwamba daftari hilo lazima nilipeleke. Na lazima lisomwe kwenye mkutano, saa kwa saa. Watauliza kilichochelewesha."

"Najua. Alwyn atakuletea sasa hivi."

Alipogeuka, Gaynor alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mikasi mkononi. Uso wake haukuwa na hasira bado. Ulikuwa kama wa mtu anayehesabu nyota na hesabu inakataa.

"Uliiona," alisema.

"Niliiona."

"Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na simu. Nikajiambia mwalimu ana wingu, basi ni wingu." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Kwa nini? Ungeniambia tu. Ungesema, Gaynor, inaniuma. Ningekupa, Mungu wangu! Ningesema tumeiona pamoja!"

"Nisingeitaka ya kupewa," Merle alisema. "Niliitaka iwe yangu. Na haikuwezekana, nikataka isiwe yako. Ndiyo kweli yote, sina nyingine."

Gaynor alirudi mezani. Alifuta mikasi, akaitia kwenye mkoba, akatia kitana, akafunga zipu.

"Bibi Trezise," alisema, na jina lile lilimpiga Merle kifuani, maana hakuwahi kuitwa hivyo na mtu huyu, "siku njema."

Gari likaondoka. Nywele za Merle zilikuwa nusu.

*

Ofisi ya ng'ambo ilikubali. Walipima saa, wakasoma daftari zote mbili, wakaandika majina mawili kwa nyota ile: Pratley wa Dunmaroo kwanza, na yule bwana wa Afrika Kusini baada yake. Kwenye mkutano wa Agosti Clem alisoma kurasa zote mbili kwa sauti, saa kwa saa. Merle alikaa safu ya mbele amevaa kofia yake ya kanisani, na chini ya kofia upande mmoja ulikuwa mfupi na mwingine unagusa kola. Alwyn alikuwa amesema, "Nikukate mimi na mkasi wa manyoya ya kondoo?" Akakataa. Aliona ni haki abaki nao.

Alishika kopo la rangi ya dhahabu Clem alipopanda ngazi. Aliona herufi zikitoka moja moja, P, R, A, na kila moja ilimchoma, tena hasa. Alikuwa amedhani ukitubu kijicho huondoka. Hakikuondoka. Kilikaa pale pale, ila sasa alikijua sura na jina, kama jirani mbaya ambaye huwezi kumhamisha. Jumamosi ya kwanza ya Septemba alipofuta vumbi, kitambaa kilipita majina matatu kikaishia hapo. Alifika mlangoni, akarudi, akafuta la nne.

Jioni zilipokuwa kavu aliitazama nyota ile ikififia. Alikuwa anahesabu upya sasa, kidole kikigonga goti kwa kila nyota, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ijumaa moja, miti ya wattle ikiwa imechanua maua ya njano uwanjani, gari likaingia. Gaynor alishuka na mkoba. Hakubusu shavu la mtu.

"Vua hiyo kofia," alisema.

Merle alivua.

"Yesu wangu!" Gaynor alizunguka kiti mara moja. "Wiki tisa umetembea hivi? Mpaka kanisani?"

"Nilivaa kofia."

"Usifikiri nimekusamehe. Sijakusamehe. Lakini watu wa Dunmaroo wanajua nani anakukata nywele, na mimi nina biashara. Kaa."

Merle akakaa. Taulo likafungwa, likabana kidogo shingoni. Maji, kitana, kisha mikasi ikaanza upande wa kulia. Skonzi zilikuwa mezani na hakuna aliyezigusa.

"Naomba nikuulize jambo," Merle akasema mwishowe. "Si lazima ujibu. Ilikuwaje? Pale mwanzo kabisa, kabla hujanipigia. Ulipohesabu ikazidi."

Mikasi ilisimama. Merle alijua anaomba kitu ambacho hana haki nacho, na alikitaka kama mwenye kiu.

"Sikuamini," Gaynor alisema. Sauti ilikuwa bado kavu. "Nilihesabu mara nne. Mbili juu, moja chini, na ile. Nikatoa jicho nikatazama mikono yangu. Halafu nikasema kwa sauti, peke yangu kule nje, 'Habari ya jioni.'"

Merle alifumba macho. Kile kijicho kifuani kikamgeuka, kikamuuma vilivyo, na kichwa chake kikainama bila yeye kutaka.

"Tulia," Gaynor akasema, akamshika kidevu akakinyanyua. "Nitakukata sikio."

Merle akatulia.